Ahsante kwa Kila Ukindu

Katika mji ule Jumatano huja mara mbili, na hakuna anayeuliza. Watu hufua nguo Jumatano ya kwanza na kuzianua Jumatano ya pili, basi, maisha yanaendelea. Mimi niliingia asubuhi ya ile ya pili, siku niliyomaliza eda, na swali moja kooni lililokuwa limenikaa miezi minne na siku kumi kama mwiba wa samaki. Swali lenyewe ni hili: nani aliamua? Maana mtu akifa, waliobaki hugawana lawama kama wanavyogawana pilau ya hitima, kila mmoja na sahani yake. Yangu ilijaa hadi ikamwagika.

Mume wangu Mbaruku alifukiwa na kisima alichokuwa akikichimba. Nimeisema mapema habari hiyo ili msije mkapoteza muda kuitafuta. Alikuwa mchimba visima. Miaka thelathini na mmoja aliteremka akapanda, akateremka akapanda, na asubuhi moja akateremka tu. Na asubuhi hiyo nilimwamsha mimi. Alikuwa amelala usingizi mzuri, mdomo wazi, nami nikamtikisa bega: "Wewe, jua lishatoka, wenye kisima watakuja kukuita mlangoni kama mtoto." Ningemwacha alale, kingeporomoka kitupu. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuna eda nzima, usiku na mchana, wala halikulainika.

Nyumba ya Ukili haina mlango wa kubisha. Unaingia, unavua viatu, unamkuta Bi Kidawa, mtunza kili, ameketi. Nyuma yake, kutoka sakafuni hadi darini, zimepangwa kili zilizokunjwa, ile mikanda ya kindu isukwayo kisha ikashonwa mkeka, za kila mtu aliyezaliwa. Nilikuwa nimesikia habari zake tangu nikiwa mdogo, lakini watu husikia mengi. Wangu ulikuwa mnene kama gurudumu la mkokoteni.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Nani wako?"

"Mume wangu."

"Unataka nini?"

"Nataka asiwe amekufa."

Hakucheka. Alisema, "Afadhali wewe. Wengi huja wakitaka kusahau. Hao nawarudisha makwao, kusahau wataletewa na uzee bila kuomba."

Akauchukua ukili wangu, akafumba macho, akaanza kuupitisha kiganjani. Nilijua anachokifanya, maana nami ni msukaji. Ukiruka ukindu mmoja, jani moja tu la mkindu, jicho halioni kitu. Ukili unaendelea vizuri tu, pima tano, pima kumi, halafu unaanza kupinda, na ukiushona mkeka unakaa umenyanyua pembe kama mtu aliyekasirika. Kosa linajulikana kwa kiganja. Na dawa yake ni moja: hukati, maana ukili uliokatwa hauungiki. Unafumua kutoka ncha mpaka kwenye kosa, hata kama kosa liko mwanzoni na wewe umeshafika mwisho. Mama yangu aliwahi kunifumulisha pima sita huku nalia, na yeye anasuka zake pembeni, hanitazami.

Kiganja cha Bi Kidawa kikaipita ile asubuhi ya kisima bila kusita.

"Na hapo je?" nikauliza. "Hapo ndipo nilipomwamsha."

"Hapa hapana kosa. Ukifumua hapa tu, atateremka kesho yake. Kisima kimeshachimbwa, kinamngoja."

Akaendelea. Nikaiona miaka yangu ikipita mkononi mwake, ile minene na ile myembamba, rangi zilizoiva na zilizochuja, mpaka akafika karibu na mwanzo. Kiganja kikasimama.

"Hapa," akasema. "Ulipogeuza mkeka."

Alinieleza taratibu. Mbaruku alikuwa mpita njia. Alikuwa na safari yake ya kwenda milimani kwa wajomba zake, kwenye migomba, na kule hakuna achimbaye kisima, maji yanajishukia yenyewe. Aliacha safari kwa ajili yangu. Alianza kuchimba kwa sababu nililalamika maji yetu ni machungu. Nisingegeuza mkeka siku ile, angepita. Angeishi.

"Na mimi?"

"Nawe ungeishi. Nani kasema ungekufa?"

Kisha akanipa sheria. Kila ukindu ni jambo nililotenda, nao unatoka kwa ahsante, nayo iwe ya kweli, maana ahsante ya midomoni haitoi kitu. Kilichotoka kimetoka, sitakikumbuka, wala hakikuwahi kuwa. Nikiacha katikati, yaliyotoka hayarudi, na Mbaruku atabaki kaburini. Na yeye Bi Kidawa haruhusiwi kunikumbusha lolote.

Nikamwuliza nani aliyeweka sheria hizo. "Nilizikuta," akasema. Wote wenye funguo husema hivyo. Nilitaka kugomba, mimi ni mgomvi, kwetu mji mzima unanijua, lakini nikafikiri: mtu aliyepewa njia ya kumtoa mumewe kaburini halafu anagombania sheria, huyo anampenda mumewe au anapenda kugomba? Nikakaa chini, nikaishika ncha.

Haya ninayoyasema nayasema yakiwa bado mkononi. Yakishatoka msiniulize.

*

Ukindu wa kwanza: nilimwamsha.

Ahsante kwa kumwamsha, nikasema. Haukutikisika. Nikasema tena. Nitashukuruje, jamani? Nilisema mara saba, na kila mara nilikuwa nadanganya, na ukindu ulijua. Mara ya nane niliacha kusema, nikakumbuka tu. Alifumbua jicho moja. Akasema, "Somoe, wewe hata jua linakuogopa." Akaucheka utani wake mwenyewe, kama kawaida yake, hakungoja mtu amsaidie. Akauvuta upindo wa kanga yangu akafutia uso. Ningemwacha alale angeamka peke yake nyumbani, mimi niko kwenye kuni, na asubuhi yake ya mwisho isingekuwa na mtu wa kumtania. Ahsante, nikasema, na safari hii ilitoka tumboni. Ukindu ukateleza ukaanguka.

Sasa sijui alikufaje. Najua amekufa, ndiyo maana niko hapa. Kidole cha shahada kimechanika.

Ahsante kwa chumvi. Mwaka macho yalipoanza kunififia niliitia chai chumvi badala ya sukari, nikagundua ameshakishika kikombe, nikaamua kunyamaza kwa aibu. Akainywa yote. Akaomba kikombe cha pili! Nami kwa ukaidi nikampa cha chumvi hicho hicho, tukatazamana, hakuna aliyekubali kushindwa. Imetoka.

Ahsante kwa kulala upande wa ukutani. Nilichagua usiku wa kwanza wa kitanda kipya kwa kuogopa mende tu. Kwa hiyo tangu hapo yeye alilala kati yangu na mlango. Imetoka.

Ahsante kwa sufuria. Hii ilinichelewesha. Tuligombana vibaya, sikumbuki kwa nini, hata wakati ule sikukumbuka kwa nini. Nilifunga furushi niende kwa kaka yangu nisirudi. Nilishafika kizingitini nikamsikia jikoni anahangaika kuwasha moto, anapuliza kama anamfukuza kuku, na sufuria yangu mpya juu ya mafiga bila maji. Nikarudi kwa ajili ya sufuria. Naapa, si kwa ajili yake. Nikaupuliza moto, ukawaka, akasema, "Basi kaa kidogo unywe uji ndipo uende." Nikakaa kidogo. Miaka kumi na minne ilikuwa ndani ya hilo kidogo. Mtu husimulia maisha yake akitaja harusi na misiba, kumbe yalisimama juu ya sufuria. Ahsante kwa roho yangu mbaya iliyopenda chombo kuliko mume kwa muda wa kuvuka ukumbi. Imetoka, na nyuma yake miaka iliyoitangulia ikafuata yenyewe, kindu kwa kindu, nikikimbizana nayo kwa ahsante mpaka mate yakanikauka.

Kila nilipofumua, uso wa Bi Kidawa ulibadilika. Mara alikuwa jirani aliyehama zamani, mara mama mkwe. Nami sikuwa na uhakika na wangu. Niligusa shavu langu nikalikuta lile lile, limelegea. Nilikuwa mzee anayepoteza uzee wake bila kupata ujana.

*

Kisha nikashika ukindu mweupe, usiotiwa rangi. Niliujua kabla sijautazama.

Bi Kidawa alikuwa na uso wa mkunga aliyenizalisha.

Mwanetu aliishi siku nane. Alizaliwa mdogo hata kilio chake ulilazimika kuinama ukisikie. Mkunga alituvuta pembeni akasema, kwa huruma, si kwa ubaya: "Msimpe jina huyu. Jina litawafunga. Ngojeni siku ya saba, Mungu akipenda." Ilikuwa siku ya tatu. Mbaruku akanitazama, nami nikasema, "Mpe." Basi, neno moja tu, sikulifikiria. Akainama akamwita sikioni: Mize. Na mtoto akaigeuza shingo. Waliokuwapo walisema ni upepo tu, mtoto wa siku tatu hajui kitu. Sisi tuliona. Miaka yote baadaye, katikati ya chakula, bila sababu, mmoja wetu angesema, "Aligeuza shingo," na mwingine angesema, "Aligeuza."

Mize hana picha. Hana cheti. Kaburi lake ni mawe mawili madogo. Tulikuwa wawili tu tuliomkumbuka, na mmoja amekufa, nimekuja hapa kwa ajili ya huyo mmoja. Nikiutoa ukindu huu hatakuwa marehemu. Atakuwa hajawahi kuwa.

Niliacha kufumua. Nikakaa pale Jumatano mbili, na nyingine mbili. Watu waliingia na kutoka na msiba wao, sikumtazama mtu.

"Nikiutoa huu," nikamwuliza Bi Kidawa, "Mize atakwenda wapi?"

"Siruhusiwi, mwanangu."

"Wewe ulimpokea kwa mikono hiyo hiyo! Ulimfuta kwa kitambaa cha bluu!"

Macho ya mkunga yakajaa machozi.

Hapo ndipo nilipogomba. Niligomba na nyumba nzima, na kili zote, na aliyezisuka. Nilisema: mmeninyang'anya mume, sasa mnanitaka nimtoe mtoto kwa mkono wangu mwenyewe, tena niwashukuru? Mizani hii nani kanipa? Siku nane upande huu, miaka ya mtu mzima upande ule, na mimi katikati nichague, mimi ambaye sokoni huchukua nusu saa kuchagua nyanya! Mwenye nguvu hahitaji kujibu, akikaa kimya tu utaishia kujijibu mwenyewe.

Nikajijibu. Mize hawezi kurudi hata nikiushika ukindu huu mpaka nife. Baba yake anaweza. Angekuwa ndiye aliyekaa hapa, angefanya nini? Sikujua. Nasema kweli, sikujua, na mpaka sasa sijui kama nilifanya sawa. Nilimwita jina lake kwa sauti. Nikamwita tena na tena, mpaka watu wakageuka, mpaka sauti ikakauka, kwa sababu kule ninakompeleka hakuna wa kumwita. Mize. Mwanangu Mize. Ahsante kwa kuwa tulikupa jina ukaligeukia.

Ukindu ukateleza.

Matiti yakaniuma. Nikajishika kifuani nikashangaa, mwanamke wa umri wangu. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa analia, na kwa adabu nikamwambia pole.

*

Zilizobaki hazikunisumbua sana, au mimi ndiye niliyekuwa nimepungua. Ahsante kwa kulalamikia maji. Ahsante kwa kusema nitafikiri aliponiposa, wakati nilikuwa nimeshafikiri siku tatu na nguo nimeshachagua. Jina la yule mtu lilitoka pamoja na ukindu wa ndoa. Nililisikia linaondoka, lilikuwa na sauti nzuri, halafu sikujua lilianza na herufi gani.

Ukabaki ukindu mmoja.

Nauona vizuri sana. Msichana anasuka mlangoni kwao, ameipa barabara mgongo kama alivyofunzwa. Jua linazunguka, linamchoma machoni. Anaweza kuingia ndani. Anaweza kuvumilia. Anasimama, anaugeuza mkeka aliokalia, anakaa tena akiwa ameielekea barabara. Anapita kijana mwenye vumbi mpaka magotini, anauliza kisima kiko wapi. Msichana anamwambia, "Kisima hakuna hapa, kuna tope tumelipa jina." Na kijana anacheka. Anacheka mpaka anakaa chini barabarani na mzigo wake.

Mimi sijawahi kumchekesha mtu namna hiyo. Katika yote niliyobaki nayo, na nilijipapasa kotekote, hapakuwa na kitu kizuri kama hicho.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Aliyeketi mbele yangu sasa alikuwa msichana mdogo mwenye uso wa mama yangu kabla hajawa mama yangu.

"Kwa nini nimtoe?"



Nikaushika ukindu ule nikafikiri nitaondoka nao. Nani angejua? Ningeufunga kwenye pindo la kanga, niwe ninautazama siku za upweke, kijana anacheka, anakaa chini. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba kuna hasara yoyote. Nilikuwa mwanamke mzima asiye na mume wala mtoto, asiyejua kilichomleta kwenye nyumba ya watu, mwenye kicheko kimoja tu duniani.

Nikavitazama vidole vyangu. Vyote kumi vimechanika. Damu imekauka juu ya damu, kucha mbili hazipo, na kindu zilizofumuliwa zimenifika magotini. Nani kafanya kazi hii? Mimi najijua. Mimi ni mtu ninayelalamika nikiinama kuokota kijiko. Mtu mvivu kama mimi hajichani hivi kwa mchezo, wala kwa ajili ya mtu asiye kitu kwake. Yule mwanamke aliyekaa hapa kabla yangu, aliyeanza kutoka ncha ile, alijua anachokitafuta, akakifuata mpaka hapa, akaniachia mimi ukindu mmoja. Simjui. Simkumbuki. Lakini maumivu yake ninayo mkononi, na sikuona namna ya kuyafanya yawe ya bure.

Ewe kijana, sijui wewe ni nani kwangu. Lazima ulikuwa mtu.

"Ahsante kwa kugeuza mkeka," nikasema.

*

Nje palikuwa na jua la Jumatano, sijui ipi. Nilisimama nikitafuta viatu vyangu, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda sikuwa na haraka.

Kwenye baraza ya nyumba ya pili walikaa mume na mke, wazee, na mikungu miwili ya ndizi za mlimani imelazwa kando yao. Mume alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo. Mke alikuwa anajipepea kwa ncha ya mtandio na kumweleza mpita njia kwamba wamekuja kumtazama binti yao aliyeolewa huku, na kwamba maji ya mji huu hayanyweki. Mume akainua macho akaniona mikono.

"Bibi wee, umeumia!"

Akaliweka chungwa chini, akasimama, magoti yanamgomea, akaja. Alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Akanimwagia maji ya chupa yao vidoleni, kimoja kimoja, akipuliza kama anapulizia mtoto. Akatoa leso mfukoni, akaichana kwa meno, akanifunga. Mikono yake ilikuwa laini, mikono ya mtu aliyelima bustani, haijawahi kushika mwamba.

"Mbaruku, mwache mama wa watu," mkewe akamwita. "Utamtonesha."

"Namaliza." Akalikaza fundo, akanitazama. "Una mtu hapa mjini, bibi? Wa kukutazama?"

"Sina," nikasema.

"Pole sana."

Nimelelewa mimi. Mtu akikutendea wema kuna neno linalofuata, mtoto wa miaka miwili analijua. Nikafungua kinywa nilitamke, na hofu ikaniingia mwili mzima. Sikuelewa hofu ya nini. Nilijua tu kwamba katika maisha yangu kila nilichokuwa nimekipa neno hilo kilikuwa hakipo. Nikafunga kinywa. Nikatikisa kichwa.

Mzee akangoja kidogo, kisha akarudi barazani, akakaa kwa kuugulia magoti.

"Watu wengine, jamani!" mkewe akasema, wala hakupunguza sauti. "Hata ahsante?"

"Mwache, mama. Ana maumivu yake."

Akaliokota chungwa akalipangusa kwenye shati, akalipasua, akampa mkewe nusu. Nikasimama pale juani nikiona aibu, nikimtazama anavyotafuna, anavyotema mbegu kando, anavyopumua, mzee mzima, mpaka mkewe akageuka tena kunikazia macho. Nikaubana mdomo kwa ile mikono iliyofungwa, nisije nikalisema.